Video yangu ilitazamwa na maelfu, lakini mabuyu hayakununuliwa

Mshauri mpendwa,

Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, na riziki yangu naipata kwa kupika mabuyu na achari ya embe, kazi niliyorithi kwa mama yangu. Nauzia dirishani nyumbani na katika maduka machache ya jirani. Mwezi wa Disemba, wageni kutoka bara wanapofurika, na siku za kuelekea Idi, huwa sipati hata nafasi ya kuketi. Lakini miezi ya katikati, kusi linapovuma na wageni wakawa haba, hupita siku nzima nikauza pakiti za kuhesabika.

Mwaka huu mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alinishauri tutafute wateja mitandaoni. Alijipiga video kwa simu yake akicheza wimbo unaovuma mbele ya sinia la mabuyu, akaiweka TikTok. Video hiyo ilitazamwa na watu zaidi ya elfu thelathini. Tulifurahi mno, nami nikanunua gunia zima la mabuyu ghafi kwa kutarajia oda. Oda hazikuja. Wengi walioandika maoni walisifu uchezaji wa kijana, baadhi waliuliza tuko wapi na hawakujibiwa kwa wakati, na mama mmoja wa Nairobi alitaka kilo mbili, lakini alipoambiwa atangulize pesa alinyamaza mpaka leo.

Sasa mpwa wangu anasema dawa ni kucheza zaidi, na kwamba mimi mwenyewe nijitokeze mbele ya kamera. Mama yangu hataki uso wangu uzagae mitandaoni, na kwa kweli hata mimi sitaki. Isitoshe, anahofia kwamba tukionyesha jikoni siri ya upishi wetu itaibwa. Wakati huohuo kuna mtu ameniahidi kwamba nikimlipa shilingi 15,000 ataniletea wafuasi elfu kumi. Je, nimlipe? Au niamini kwamba mambo ya video ni ya vijana na watu wasioona haya, nirudi dirishani kwangu kuisubiri Disemba?

Mpishi wa Mabuyu, Kibokoni

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Mtu huyo usimpe hata shilingi moja. Wafuasi wanaouzwa kwa jumla kwa kawaida ni akaunti zisizo na mtu nyuma yake, au ni za watu wa mbali ambao hawatakula mabuyu yako hata siku moja, na TikTok yenyewe imekataza biashara hiyo katika kanuni zake. Tena watakudhuru, kwa sababu mitandao hii huamua video imfikie nani kwa kuangalia jinsi waliotangulia kuonyeshwa walivyoipokea: kama waliitazama hadi mwisho, kama waliandika maoni, kama waliwatumia wenzao. Ukijaza ukumbi wako watu wasiojali, utakuwa umeuambia mtandao kwamba kazi yako haina mvuto.

Mpwa wako amefanya jambo la kushukuriwa, wala sitaki umvunje moyo. Hata hivyo tuangalie watu wale elfu thelathini walitazama nini. Walimtazama kijana akicheza. Sinia lilikuwa pambo tu nyuma yake, na ndiyo maana maoni yalihusu uchezaji. Hapakuwa na bei, hapakuwa na mahali, hapakuwa na njia ya kuagiza, na hata aliyeingiwa na hamu hakujua aanzie wapi.

Hebu fikiria mteja anavyofanya anaposimama dirishani kwako. Anachungulia sinia, anauliza kama ya leo ni ya pilipili au ya iliki, anauliza bei, anaomba aonje moja, anakutazama mikono, kisha ndipo anatoa pesa. Mteja aliye Nairobi hana dirisha hilo. Video ndiyo itakayomwekea, na kila video utakayotengeneza uipime kwa swali moja: imemjibu mnunuzi lipi kati ya yale ambayo angeyauliza kama angekuwa amesimama hapo? Ukilishika hilo, suala la kucheza au kutocheza linajimaliza lenyewe.

Katika biashara yako kuna swali moja zito kuliko mengine, ambalo wateja wengi hulificha kwa adabu. Ni usafi na rangi. Wengi wetu tulikua tukikatazwa mabuyu na mama zetu kwa kuwa hawakujua yamepikwa na nani, kwa maji gani, wala kilichotiwa ndani ni rangi ya chakula au kitu kingine. Watoto wale sasa ni watu wazima wenye mishahara, wanayatamani mabuyu mpaka leo, na wasiwasi ule wa mama zao bado wanao. Kwa hiyo jiko lako, ambalo mama yako anahofia kulionyesha, ndilo litakalokuletea wateja kuliko kitu kingine chochote ulicho nacho.

Piga video ya kazi yenyewe, na ya mikono tu. Anza na shira ikichemka na mapovu yakipanda. Onyesha kichupa cha rangi ya chakula kwa karibu, lebo yake ikisomeka, kisha rangi ikimwagwa na kusambaa katika shira. Yaingie mabuyu yakiwa meupe na unga wake, mwiko ugeuze, na mtazamaji auone weupe ukimezwa na wekundu kidogo kidogo mpaka kila kokwa imevaa. Yamwagwe kwenye sinia yangali moto, yatawanywe yasigandamane, na mwisho sinia litikiswe ili kokwa zilizokauka zigongane. Sauti hiyo usiifunike kwa wimbo wowote. Aliyekulia na mabuyu akiisikia, mate humjaa mdomoni kabla hujasema neno. Achari nayo ina yake: vipande vya embe vilivyokaushwa vikipokea pilipili na chumvi, na jinsi vinavyong'aa vikishashika.

Yote hayo yanatosha katika muda wa nusu dakika. Ukihitaji zaidi, dakika moja, na kila kipande kisichojibu swali la mnunuzi kikatwe. Kilicho kizuri zaidi kitangulie, kwa maana mtazamaji huamua kubaki au kupita katika sekunde chache za mwanzo, na ukianza na salamu ndefu utakuta ameshakwenda. Simu isimame wima, iegemezwe mahali imara isitikisike. Nyumba zetu za Mji wa Kale zina vyumba vyenye kiza, kwa hiyo sogeza kazi ya sinia karibu na dirisha nyakati za asubuhi, au panda nayo darini kabla jua halijawa kali. Unapopiga picha ya sufuria, mvuke wa shira hutanda juu ya kioo cha kamera na picha ikawa na ukungu, basi simama upande, si juu, na ukifute kioo kwa kitambaa laini kila baada ya kipande. Watu wengi hutazama video wakiwa kazini au ndani ya matatu huku wamezima sauti, kwa hiyo andika maneno machache yaonekane juu ya picha: mabuyu ya Mombasa, yamepikwa leo Kibokoni, uzito wa pakiti, na bei yake.

Bei, dada yangu, iandike. Mtindo huu wa kumwambia mteja aje faragha ndipo aambiwe bei umewachosha wanunuzi, na wengi wakiuona hudhani kwamba bei inapangwa kwa kuangalia sura ya mtu. Andika bei ya pakiti na gharama ya kutuma kila moja peke yake, ili mtu ajue analipa nini.

Sasa yule mama wa Nairobi. Hakunyamaza kwa sababu ya bei wala kwa kuyadharau mabuyu yako. Aliogopa. Watu wametapeliwa sana: mtu anatuma pesa kwa nambari asiyoijua, mara nambari yake inafungiwa, na hana wa kumlalamikia. Hofu hiyo huwezi kuiondoa kwa kuapa, bali kwa kuonyesha, na hapa video ina nguvu ambayo picha tupu haina. Siku ya kutuma mzigo, piga video ukipima mabuyu kwenye mizani, ukifunga, ukibandika karatasi ya jina, kisha mpwa wako afuatane na mzigo hadi Mwembe Tayari, aonyeshe unavyopokelewa katika ofisi ya basi na risiti inavyoandikwa. Mzigo uliopakiwa kwenye basi la usiku kwa kawaida huwa Nairobi asubuhi yake. Mteja akipokea, mwombe, kama yuko radhi, akutumie kipande kifupi akiufungua. Video ya namna hiyo humtuliza mtu mwenye shaka kuliko sifa zozote utakazojipa. Tahadhari tu kwamba jina kamili na nambari ya simu ya mteja vifunikwe kabla hujaiweka hadharani.

Malipo nayo yana sehemu yake katika kumpa mtu imani. Tumia Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara badala ya nambari yako ya kawaida, ili pesa za mabuyu zisichanganyike na za matumizi ya nyumbani. Kwa mteja mpya anayesitasita, mpe nafasi ya kuagiza pakiti ndogo kwanza. Mwandikie mama yule leo, umtumie video ya jikoni na ya kufunga mzigo, umwambie anaweza kuanza na nusu kilo. Asiyethubutu kupoteza pesa ya kilo mbili aweza kuthubutu kwa nusu.

Kuhusu mahali pa kuweka video, usijitawanye. Anza na stetasi ya WhatsApp, kwa sababu watazamaji wake ni watu wenye nambari yako: majirani, jamaa, wateja wa zamani waliorudi bara baada ya likizo. Stetasi hufutika baada ya saa 24, na hilo linafaa kwa habari za siku, kwamba leo nimepika, leo achari imekauka. TikTok ni ya kukupeleka kwa usiowajua. YouTube, iliyoanza mwaka 2005, nimeiona ikipuuzwa na wafanyabiashara wetu wadogo, nami naona ni makosa, maana watu huitumia kutafutia, na video iliyopewa jina la wazi, kwa mfano “Mabuyu ya Mombasa yanavyopikwa”, inaweza kuendelea kuleta mteja miaka kadhaa baada ya kuwekwa. Tangu Oktoba 2024 video zake fupi zinaruhusiwa kufikia dakika tatu, kwa hiyo kazi ileile uliyoipigia TikTok unaweza kuiweka na huko bila kuipiga upya.

Kila mahali utakapoweka video, njia ya kukufikia iwe moja na iwe fupi. Fungua WhatsApp ya biashara, ambayo ni bure na ina sehemu ya kuorodhesha bidhaa pamoja na bei zake. Halafu tengeneza kiungo kinachofungua mazungumzo moja kwa moja: andika wa.me, alama ya mkwaju (/), kisha 254 na nambari yako bila ile sifuri ya mwanzo. Kiungo hicho kikae kwenye wasifu wa kila akaunti. Maoni yanayouliza mko wapi yajibiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa hamu ya mabuyu haingoji juma zima.

Wageni nao usiwasahau, kwa kuwa wako jirani kabisa. Wanaokuja kuitazama Fort Jesus, ambayo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011, wengi hutaka zawadi ya kurudi nayo nyumbani, na hawajui vichochoro vyetu. Piga video moja ya njia: mtu anaanzia mlangoni mwa ngome, anashika Ndia Kuu, anakata kona zote mpaka anafika dirishani kwako, na kila kona itajwe kwa alama inayoonekana. Ipige mapema asubuhi, njia zikiwa na watu wachache, usije ukawaanika majirani barazani mwao.

Uso wako, kama hutaki uonekane, usionekane. Sioni kwamba utapoteza mteja yeyote kwa hilo. Mikono inayojua kazi na sauti yako ikieleza kwa Kiswahili chetu cha Mombasa vinatosha, na kama hata sauti hupendi, maandishi yatafanya kazi hiyo. Mpwa wako naye akitaka kucheza, acheze, mradi video hiyo iishie kwenye sinia, bei na kiungo. Ila asitumie wimbo wowote anaousikia, kwani nyimbo zina wenyewe na zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Akaunti za biashara za TikTok zina hazina ya muziki ulioruhusiwa kwa matangazo, achague humo.

Kwa upande wa siri ya upishi, mheshimu mama yako, wala haitakuzuia. Anayetazama shira ikichemka hajui ulitia sukari kiasi gani, wala iliki uliitia lini, wala ulijuaje kwamba imefikia kunata. Vipimo vipimwe kamera ikiwa imezimwa. Mwonyeshe mama video kabla haijatoka, naye akiona kuna jambo limefichuka, likatwe.

Kuna mambo ya sheria ambayo ni lazima niyaseme, maana video ni ushahidi unaouweka mwenyewe hadharani. Ukimpiga picha mteja au mtoto wa jirani akila mabuyu, usiitumie kujitangaza bila idhini, na kwa mtoto idhini ni ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka hivyo, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, basi kama bado unafungia kwenye vimfuko vya nailoni vitupu, usivionyeshe, na bora zaidi usivitumie. Hamia kwenye pakiti za karatasi au vikopo vyenye lebo. Hakikisha kibali cha biashara cha kaunti na cheti chako cha afya cha mshika chakula havijapitwa na wakati, kwa sababu siku utakapojulikana, wakaguzi nao watakujua. Ukitaka maduka makubwa yakuuzie, ulizia mapema alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya. Na usikubali kushawishika kutangaza kwamba mabuyu yanatibu presha au sukari. Ni kweli ubuyu una vitamini C kwa wingi, lakini wa kwako umevishwa sukari, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kutangaza chakula kwa namna ya kumhadaa mnunuzi.

Gunia ulilonunua halijaharibika. Mabuyu ghafi hukaa muda mrefu yakiwa makavu; yaondoe sakafuni, yafunike yasipigwe na unyevu wa bahari, na upike kwa kiasi cha oda. Tangaza siku mbili za kupika katika juma, na useme wazi kwamba mizigo huondoka jioni ya siku hizo. Utaratibu huo utakulinda wewe pia, kwani oda hamsini zikija kwa mkupuo kwenye jiko la mtu mmoja na zikachelewa, malalamiko yake yatasambaa kuliko sifa.

Weka daftari kando ya dirisha. Kila mteja mpya muulize ametupata wapi, uandike. Baada ya miezi miwili au mitatu utajua ni video ipi iliyoleta pesa, hata kama ilitazamwa na watu mia tatu tu. Hiyo ndiyo ya kulipia tangazo, kwa pesa kidogo, ukichagua lionekane Nairobi pekee na si nchi nzima.

Lililobaki ni kati yako na mpwa wako. Mpangie malipo, hata kama ni asilimia ndogo ya kila oda inayotoka mitandaoni, kwani anafanya kazi na kazi ina ujira. Lakini akaunti zote zisajiliwe kwa nambari yako na baruapepe yako, na nywila uziandike na kuzihifadhi wewe. Kijana huyu kesho atakwenda chuo au atapata ajira, naye asiondoke na wateja wako ndani ya simu yake.